Merle Hockley, Aliyeuwashia Kiberiti Mti Wake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanamke aliyeutia moto mti wake mwenyewe. Si mti wa shambani. Ni bonsai, mti wa chunguni, usiopita goti la mtu mzima. Aliulea zaidi ya miaka thelathini. Kisha siku moja akauwashia kiberiti.

Jina lake Merle Hockley, wa hapa hapa Orbost, mji wetu wa kusini mwa Australia. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na mmoja. Wengi mnamjua kama mpishi wa wakata manyoya ya kondoo. Alizunguka mashamba ya bonde hili akiwapikia, na hakuna mkata manyoya aliyethubutu kuingia jikoni kwake na buti.

Mti huo ni banksia. Banksia ile ile ya vichakani kwetu, yenye majani ya meno ya msumeno. Mbegu zake hujifungia ndani ya tunda gumu kama ubao, na tunda halifunguki mpaka lipate moto. Merle alilitia tunda hilo kwenye oveni, kando ya paja la kondoo la Jumapili. Mumewe, Vern, akachungulia.

"Leo tunakula nyama au kuni?"

"Wewe kula kilicho laini. Meno yako nayajua."

Tunda likapasuka. Mbegu zikamwagika. Moja ikaota, na huo ndio mti tunaousimulia.

Miaka ile klabu ya bonsai ilitaka misonobari ya Kijapani. Kichaka cha kwetu ndani ya chungu? Walicheka. Mti wa Merle haukuwajali. Shina likanenepa, matawi yakajipinda. Ua lilipotoka, waliocheka wakasimama midomo wazi. Maana mti unaweza kuufanya mdogo, wasikilizaji, lakini ua la banksia halikubali. Mti wa kufika gotini, ua kubwa kama gunzi la hindi, limesimama wima, fedha na dhahabu, na ndege kaling'ang'ania ananyonya asali. Ungedhani mlima umepunguzwa ukawekwa uani, na ndege hakuambiwa.

Vern alipostaafu kazi ya kiwanda cha mbao, yeye ndiye aliyeumwagilia kila asubuhi. Alipougua, aliumwagilia huku ameshika mkongojo. Alipofariki, binti yao Jillian alimwambia mama yake, "Baba yumo humu."

Lakini Merle hakuwa ameridhika. Alisema shina lile ni laini mno, kama mtoto asiyetolewa nje. Banksia mzee wa msituni ni mweusi, amejaa makovu. Moto umempitia, naye yupo.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa mwanzo wa majira ya kuchipua, miaka sita iliyopita, kabla marufuku ya moto ya kiangazi haijaanza. Merle alikizungushia chungu magunia yaliyoloa, mizizi isiungue. Akarundika majani makavu ya mkalitusi kuzunguka shina. Jirani yake, Clive, akasimama kando na mpira wa maji. Jillian aliingia uani na keki mkononi, akamkuta mama yake ameshika kiberiti.

"Mama, umepatwa na nini? Huo ni mti wa baba!"

"Ni banksia, Jill. Hawa moto wanaujua."

"Wa msituni wanaujua! Huu umelelewa barazani. Na ukifa je?"

"Ukifa, umekufa."

"Merle, nilete soseji basi, moto usiende bure," Clive akajaribu. Hakucheka mtu.

"Mimi sisimami hapa nikikutazama unamchoma baba," Jillian akasema. Akaiacha keki juu ya ngazi, akaingia kwenye gari. Kwenye kioo aliuona moshi unapanda.

Mti ukawa mweusi mtupu. Jani hata moja halikubaki. Wiki zikapita, na kila asubuhi Merle aliumwagilia ule mkaa. Klabuni wakamtania.

"Merle, makaa yako hayajambo?"

"Yanakunywa maji tu, si bia. Ningekuwa wewe ningejifunza."

Jillian hakuja. Hakupiga simu.

Krismasi ilipokaribia, Clive alimpigia. "Njoo, Jill. Usiulize. Njoo tu."

Alimkuta mama yake amepiga magoti uani. Gome lililoungua lilikuwa limepasuka, na katika kila ufa palikuwa na chipukizi, lenye manyoya ya rangi ya kutu. Juu, chini, ubavuni. Mti mzima ulikuwa unatoka ndani ya mti.

"Nilitaka kumwomba radhi, nikapiga magoti kando yake," Jillian anasema. "Nikagusa chipukizi moja. Laini kama sikio la ndama. Mama akaniambia, acha kushikashika, mikono yako ina losheni."

Tangu siku hiyo watu walikuja kuutazama kutoka mbali. Walivua kofia mbele yake kama walioingia kanisani. Na bonde zima lilisema: Merle alijua. Hata sisi tulikuwa tumejiandaa kuwasimulia hivyo.

Lakini mwezi uliopita, hospitalini, Jillian alimuuliza. "Mama, siku ile ulijuaje kwamba hautakufa?"

Merle alicheka mpaka akakohoa.

"Kujua? Kabla hujafika nilikwenda nyuma ya banda nikatapika. Clive ndiye aliyenishika nywele."

"Mbona hukuniambia unaogopa?"

"Ungenizuia, Jill. Na mimi nilikuwa natamani kuzuiwa, ningekubali."

Jillian ametuomba tuyaseme haya hewani. "Miaka yote nilidhani mama haogopi kitu," anasema. "Kumbe aliwasha huku anaogopa. Na mimi nilikuwa nimeshaondoka."

Kwa Jillian na familia yote ya Hockley, na kwa Clive, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Mti hautapelekwa kanisani, kwa kuwa unataka jua. Baada ya mazishi mtakaribishwa uani muuone.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, jioni ya leo mfikirieni yule mnayesema siku zote kwamba yeye haogopi. Mpigieni. Muulizeni kama angependa mtu wa kusimama naye.