Ugonjwa Nilioutaja Mbele ya Hakimu

Mwakeye, mama zangu na dada zangu, nanyi akina baba mliokubali kuja. Mwenyekiti wa kikundi chetu aliniomba tangu masika nisimame hapa, nami nikawa namkwepa, kwa sababu habari hii si yangu peke yangu. Nusu yake ni ya marehemu, wakili mmoja wa Kasulu. Mjane wake tumekaa naye hapa leo. Nilimwomba ruhusa, akaniambia niseme yote. Sitamtaja mtu jina. Mkiona nainamisha kichwa mnivumilie, aibu hii imepungua lakini haijaisha.

Mwaka ule Kakonko walipopewa wilaya yao, mimi nilikuwa nimeolewa kijijini, huku huku Kibondo. Nilikuwa na binti mdogo na mimba ya pili. Uchungu ulinianza tukivuna maharage. Mkunga wa nyumbani akasema nisubiri, tukasubiri mno. Waliponifikisha hospitali kwa baiskeli, mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Wakamtoa, nikashukuru kubaki hai. Baada ya siku chache nikaamka kitandani nimelowa, nikadhani nimemwaga maji ya kunywa. Ndugu zangu, ulikuwa mkojo. Ulitoka wenyewe, nikikaa, nikisimama, nikiwa usingizini, na sikuwa na namna ya kuuzuia.

Mume wangu mwanzoni alivumilia, simnyimi haki yake. Kisha akanihamishia jikoni. Kisha mama yake akasema ni laana ya mwanamke aliyetembea nje, na yeye akanyamaza. Mwishowe wakanirudisha kwa mama yangu na furushi la vitenge vilivyochanwa. Binti yangu wakabaki naye.

Kwa mama niliishi kama mwizi. Nilikwenda kufua mtoni kabla wenzangu hawajafika. Kanisani, mara ya mwisho, wanakwaya walisogea mmoja mmoja, kwa adabu tu, mpaka nikabaki na benchi zima. Hakuna aliyenitukana. Nikatoka wakati wa sala, wamefumba macho.

Ndipo ikaja hati ya wito wa mahakama. Mume anaomba talaka, na anaomba apewe mtoto, kwa kuwa mama ni mgonjwa asiyeweza kulea. Mama yangu hajui kusoma. Aliposomewa aliingia ndani akavaa kitenge chake cha kutokea, akasema tunakwenda Kasulu, kuna wakili aliyekuwa mwanajeshi, hachagui watu. Nikasema siendi. Akanijibu nitakataa vizuri tukiwa njiani. Tulisafiri juu ya lori la mihogo mikavu. Mimi ndiye niliyetaka kukaa juu, upepo unisaidie.

Waliomfahamu yule mzee watacheka nikimweleza. Alikuwa mkali. Aligombana na makarani kwa sababu ya nukta, na mahakimu walimkwepa kwa ubishi wake. Alipenda chai ya rangi yenye tangawizi, na alivaa koti refu zito hata kiangazi, watu wakasema ni maringo ya usomi. Alipigana vita vya Uganda akiwa kijana, akarudi akawa karani wa mahakama, akasoma sheria ukubwani. Angeweza kubaki mijini alikosomea, lakini alirudi kwao akafungua chumba kimoja nyuma ya soko. Hakujaliwa mtoto. Mji mzima ulijua hilo, na mji mzima ulimlaumu mke wake.

Alinionyesha kiti, sikukaa. Mama akaeleza kesi. Mzee akaniuliza naumwa nini, nikasema tumbo. Akauliza tena, nikasema ni yale magonjwa ya wanawake. Wakati huo sakafu chini yangu ilishalowa, nami nikawa naifuta kwa kandambili nikidhani haoni. Akamtuma karani wake kufuata chai, akafunga mlango, akafungua koti.

Kiunoni alikuwa amefunga mfuko wa plastiki, na mpira mwembamba uliotoka kwenye mfuko ule uliingia tumboni mwake, chini ya kitovu. Ndani ya mfuko kulikuwa na mkojo.

"Kipande cha bomu," akasema. "Nimetoka nacho vitani. Tangu hapo sijakojoa kama mwanaume mwingine, wala sikuweza kuzaa. Anajua mke wangu na daktari. Sasa unajua wewe na mama yako. Kaa kwenye kiti, mwanangu. Kitaoshwa."

Nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kujifungua kukaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

Akatuambia mambo mawili. La kwanza, ugonjwa wangu una jina, ni tundu linalobaki kwenye kibofu baada ya uchungu wa muda mrefu, na unatibika. La pili, kesi iko mahakama ya mwanzo, na huko mawakili hawaruhusiwi kumsemea mtu. Nilipaswa kusema mwenyewe. Sheria ilinipa nafasi, akasema, kwa sababu mtoto mdogo kwa kawaida hukaa na mama, lakini hakimu lazima asikie kutoka kinywani mwangu naumwa nini na nalea vipi. Akanitaka nitamke neno fistula. Sikuweza. Akasubiri, chai ikapoa, nikalitamka nikitazama ukuta. Akasema nirudie nikimtazama yeye.

Siku ya kesi hapa Kibondo watu walijaa. Benchi nililokaa likaanza kuhamwa kama lile la kanisani. Mzee alikuwa amekuja kama msikilizaji tu. Akatoka nyuma, na koti lake, akaja kukaa pembeni yangu.

Mume wangu alizungumza vizuri, kwa utaratibu, mpaka mwisho akasema, "Mheshimiwa, huyu anataka kulea mtoto wakati yeye mwenyewe ni mtoto. Anajikojolea."

Watu wakacheka. Nilisimama, na nilipokuwa nimekaa pakaonekana palivyolowa. Nikasema jina la ugonjwa. Nikasema nilivyoupata nikizaa mtoto wa mtu huyu. Sentensi nyingine sikuzimaliza. Mzee mmoja wa baraza aliyeketi na hakimu, mama mtu mzima, akaniuliza nitamwogeshaje mtoto nikiwa katika hali ile.

Nikamjibu, "Mama, humu ndani hakuna anayeoga mara nyingi kuliko mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Nilipewa binti yangu.

Niliposafirishwa kwenda kufanyiwa upasuaji, mke wa wakili ndiye aliyenisindikiza. Upasuaji wa kwanza haukushika. Nilirudi nyumbani nikiwa nalowa bado, na hapo nilikata tamaa kuliko mwanzo. Yule mke wa wakili alinifuata kijijini, akanibembeleza, tukarudi. Wa pili ukashika. Niliamka kitandani pakavu, nikapapasa shuka, nikaita nesi aje apapase naye.

Nilipokwenda Kasulu kutoa shukrani, nikaambiwa wakili amesafiri. Mke wake ndiye aliyeniambia hivyo, huku hanitazami. Nikabaki nimesimama. Kisha akasema yuko hospitali, figo zimechoka, ameagiza mtu asiingie. Akanipeleka.

Mfuko ulikuwa umevuja. Aliponiona akageukia ukutani, akaniambia nitoke. Sikutoka. Nilichukua maji, tukambadilishia shuka mimi na mkewe. Alilia kimya, mtu yule mkali, na mimi nikadhani aibu imemtoka, kwamba tumemfanyia alichonifanyia. Nilikosea. Manesi waliposema wanajeshi wenzake wa zamani wako nje wanataka kumwona, alishika mkono wa mkewe akasema, "Nivalisheni koti kwanza."

Tukamvalisha, mwili umeisha, koti limemzidi. Wakaingia, wakampigia saluti, wakaongea habari za enzi walipokuwa vijana. Baada ya siku chache alifariki.

Makaburini wasifu wake ulisomwa. Wakasema aliugua kwa muda mfupi. Nilimtazama mkewe. Alikuwa ametazama chini, amebeba lawama ya utasa mbele ya watu wale wale, na bado akimfichia. Nami nilikuwa najua, nikanyamaza. Namwonea haya mama huyu mpaka leo. Mtu aliyenifundisha kusema hakupata wa kumfundisha yeye, na mimi nilichelewa.

Nawashukuru madaktari na manesi walionirudia mara ya pili. Namshukuru mama yangu aliyekataa kukataa kwangu. Na wewe mama, uliyekaa hapa umenyooka, nakushukuru mbele ya wote. Hukuwa tasa. Ulikuwa mke wa majeruhi.

Ninachowaombeni ni kidogo. Ugonjwa wa mwili ni ugonjwa, utajeni kwa jina lake kungali na wa kuwasikia, wanawake hata wanaume. Kama kuna mtu hapa, au amemwacha mtu nyumbani kwenye chumba cha nyuma, mimi leo siondoki mapema. Nitakaa na binti yangu kwenye benchi lile kule nje. Njoo ukae. Huna haja ya kuanza kwa kueleza.