Maneno ya Kumwambia Mfiwa: Tunamuaga Mwalimu Deyanira Balbuena

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza katika chuo chetu cha hoteli hapa Samaná, Jamhuri ya Dominika, Mwalimu Deyanira Balbuena anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Chumba cha walimu kitapoa, na huenda wengine sasa tukapata kahawa.

Nahau za Kiingereza huwatoa wanafunzi jasho. Kwake zilikuwa mchezo: kila moja ilitafutiwa ndugu yake katika maneno ya bibi zetu. Waingereza husema mtu akifa amepiga ndoo teke. Sisi husema ametundika viatu vyake vya raba. Darasa lilicheka, na jambo la kuchekesha halisahauliki.

Mwaka mmoja Yocasta, mwanafunzi wake hodari, aliajiriwa mapokezi katika hoteli ya ufukweni. Akafika mgeni, mama aliyefiwa na mumewe majuzi tu. Kwa huruma yote, Yocasta akampa pole kwa kuwa mumewe amepiga ndoo teke. Mama yule alihama siku hiyohiyo. Yocasta akapelekwa kufua mashuka, na kuambiwa kosa jingine, nje.

Deyanira hakuliacha jambo hilo lipite. Alimfuata meneja wa hoteli, Don Rosendo.

"Binti hana kosa," alimwambia. "Nilimfundisha maana, nikasahau kumfundisha msiba."

"Mwalimu, mimi mpaka nimsikie mwenyewe, ndipo nimrudishe," akajibiwa.

Basi kila alasiri alikwenda kumfundisha palepale kwenye mvuke wa pasi. Kila nahau sasa ilikuja na swali: ungemwambia hivi mama yangu kwenye sala za siku ya tisa ya msiba? Swali hilo tumelirithi sote, hata mwalimu wa upishi, ambaye halimhusu kabisa.

Msimu wa wageni ulipokaribia kwisha, Yocasta alikuwa akipandisha taulo akamkuta mzee Mwingereza analia ngazini. Amepigiwa simu, kaka yake amefariki. Don Rosendo, aliyekuwa nyuma, akasimama kusikiliza. Yocasta aliweka taulo chini, akaketi kando ya mzee.

"Pole sana, baba," alimwambia kwa Kiingereza. "Nitakaa hapa na wewe."

Kesho yake alirudishwa mapokezi. Deyanira alipopata habari alilia mbele yetu, bila kuona haya.

Mwalimu, tulikuandalia nahau nyingi za kukuagia, na zote tumeziacha. Asante. Tunakupenda, na tutakukumbuka sana. Uishi kwa afya na furaha.