Uso Mmoja wa Kesho

Kijiwe cha Kiuu ni benchi moja kando ya jiko la Abdulkarim, muuza kahawa. Jumapili hiyo Dalmas, mchonga mawe ambaye wenzake walimbandika jina la Vumbi, alikaa hapo na uso uliong'aa hadi mwenyewe alikuwa ameushangaa kwenye kioo. Binti yake Viola, anayesomea urembo Thika, alikuwa amemfanyia mazoezi ya mtihani siku iliyotangulia: alimsugua ngozi iliyokufa usoni kwa sukari na asali. Kazi ilitoka vizuri mno. Kusugua tena kesho kungemchubua, na mtihani ni kesho. Dalmas alikuja kutafuta uso mwingine wa kufanyiwa mtihani, na aliona aibu kuomba.

— Wee Vumbi! akamaka Profesa, fundi wa redio. Kumbe chini ya hiyo vumbi kulikuwa na mtu?

— Ni ngozi imekufa tu, imetolewa. Aki sikujua niko na hii chini.

— Imekufa na wewe uko hai? akauliza Profesa.

— Viola anasema kila mtu anayo.

— Hiyo ni insulation, kama ile plastiki ya nyaya, akasema Waya, fundi wa stima. Ukiitoa, jua inakupiga shoti.

— Ngozi ziko saba, Waya, akasema Profesa. Ya mwisho ndio alizaliwa nayo. Akisuguliwa mara saba anarudi mtoi, ID inamkataa!

— Wallahi, hata sauti yake imetakata, akanong'ona Abdulkarim.

Walimsogelea. Waya alinyoosha kidole kuelekea shavuni, kisha akakirudisha kwa heshima. Dalmas akaona ndiyo nafasi.

— Sasa mmoja wenu aende na Viola kesho kwa mtihani wake wa urembo. Bila uso wa kusugua, msichana anafeli.

— Mimi? Zii! akaruka Profesa. Mwanaume asuguliwe kama sufuria?

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Viola akawakuta hivyo, taulo zake begani.

— Habari zenu. Baba, umepata mtu?

Dalmas akatikisa kichwa. Viola akawatazama mmoja mmoja, bila hasira.

— Wazee, niwaulize tu. Mara ya mwisho mtu kuwashika uso polepole, ilikuwa lini?

Waya alitazama viatu vyake. Abdulkarim alishika birika asimimine. Dalmas peke yake alikuwa na jibu, ni jana, akajigusa shavu.

Profesa alivua kofia taratibu.

— Kesho tunatoka saa ngapi?