Xavérine, Aliyerukwa na Mrija

Mheshimiwa Padri, wazee wetu, majirani wa Majengo na Rubona, ndugu zetu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma, familia ya mzee Sebahire inawapa pole kwa jua na kwa msiba, na inawaomba mvumilie kidogo, kwa sababu historia mtakayoisikia siyo ile iliyokubaliwa juzi katika kikao cha ukoo. Ile ilikuwa fupi, safi, na ya uongo, na aliyeitunga ni Narcisse Niyonsenga, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye huyu anayesoma. Mficha uchi hazai, kwa hiyo Narcisse naye atatajwa humu kwa jina lake, kama wengine.

Xavérine Mukagatare alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika Komine Kanzenze, mtoto wa pili wa mzee Sebahire na mama Nyirahabimana, wakulima wa viazi, akasoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1954 hadi 1960, kisha miaka mitatu kwa masista, alikojifunza Kifaransa, kushona na kupiga taipu. Tarehe 9 Agosti 1969 alifunga ndoa ya kanisani na marehemu Callixte Mugabo, fundi wa injini za meli, wakajaliwa watoto wawili, Régis na Donatille, na baada ya Callixte kufariki mwaka 1988 aliwalea peke yake bila kumgongea ndugu yeyote mlango.

Kazi alizifanya saba, na hapa ndipo ukoo wetu ulipozoea kukohoa na kubadili mazungumzo. Kuanzia 1964 aliunganisha simu katika posta ya Gisenyi, mpaka ilipoletwa mitambo mipya isiyohitaji mikono yake. Mwaka 1971 akawa karani wa mizani katika kiwanda cha chai. Mwaka 1977 akashuka Rubona kuandika mizigo ya meli za Ziwa Kivu. Mwaka 1984 akasimama mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni, mpaka vita vya 1990 vikawafukuza watalii. Akauza mitumba kati ya hapa na Goma hadi 1994. Na mwaka 1995 akaajiriwa karani wa shirika la misaada, ambalo lilifunga virago mwanzoni mwa 1997. Kila shughuli ilipogeuka, naye aligeuka, akaanza upya akiwa amejifunza kitu, lakini nyumbani kwetu ilisemwa kwamba mshika mbili moja humponyoka, na aliyelisema hilo mara nyingi kuliko wote, jamani, ni Narcisse, aliyekaa miaka kumi na tisa kwenye kiti kimoja cha ofisi moja na kudhani kwamba kiti hicho ni akili.

Kazi ya saba aliianza Machi 1997, katika chumba kilichoko nyuma ya duka la fundi cherehani hapo Majengo, chenye meza na benchi basi, akiwapokea watu waliopoteza kazi, wajane, na waliorudi kutoka ugenini wasiojua waanzie wapi. Alikaa nao mmoja mmoja, akiwauliza kila walichowahi kufanya tangu utoto, hata kile wasichowahi kulipwa, akajifanya bosi mkali na kuwabana kwa maswali, akawatoa nje na kuwaingiza tena hata mara kumi, mpaka wajue kusalimia, kuketi wanapoambiwa, na kueleza waliposhindwa bila kutazama sakafu. Wao walimwita Mama Kunoa. Sisi tulisema anauza maneno.

Mwezi Juni 1998 Narcisse alifukuzwa kazi, na kile kiti chake kikapewa mwingine. Aliomba kazi sehemu nne akakataliwa zote nne, ndipo akaenda kwa dada yake, tena kwa kupitia uani ili fundi cherehani asimwone, huku mkewe akiambiwa kwamba bwana yuko sokoni, na kwa wiki sita mwanamume wa miaka arobaini na mitatu alifundishwa kuingia mlangoni. Dada hakumsimanga hata mara moja. Tarehe 1 Septemba akapata kazi ya mkuu wa ghala katika kampuni ya kahawa.

Jumapili ya tarehe 13 Septemba akafanya sherehe, ukaletwa mtungi wa pombe ya mtama na mrija mmoja, na mnaijua desturi ya nyumbani kwetu, kwamba mwenye sherehe humpa mrija kwanza aliyemletea heri hiyo, akimtaja kwa jina watu wote wasikie. Xavérine alikuwa ameketi karibu na mtungi. Narcisse akampa mrija bosi wake mpya, na mgeni mmoja alipouliza ni nani aliyemwandaa vizuri namna ile, alijibu kwamba ni kichwa chake mwenyewe, kisha akaupitisha mrija mbele ya uso wa dada yake na kumpa jirani, akisema kwamba huyu asipewe, maana hajawahi kushika kitu kikadumu mkononi. Watu wakacheka. Xavérine naye akacheka, akakaa kidogo, akaaga kabla ya chakula, na kesho yake akamtuma Donatille amwambie mjomba kwamba asitie saini karatasi za ghala kabla ya kuhesabu magunia mwenyewe. Narcisse alifuata shauri hilo, na mpaka leo yuko kazini.

Mwezi Oktoba figo zilianza kumsumbua Xavérine, na tarehe 4 Januari 1999 akalazwa katika hospitali ya Gisenyi, ambako Narcisse alikwenda mara tatu na chupa ya uji, akaongea habari za mvua na bei ya viazi, na mara zote tatu akarudi nyumbani bila kuomba msamaha. Xavérine alifariki Alhamisi tarehe 21 Januari, saa nne asubuhi, Narcisse akiwa ghalani.

Jioni hiyo Narcisse ndiye aliyeshauri kikao kiandike kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara, neno moja, yaishe. Lakini jana watu zaidi ya arobaini tusiowajua walikuja kuketi msibani, kila mmoja na lake, na Nyiramana, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kule Rubona, akasema, "Ule mama alinionesha kama na mi iko mutu," na Jack, fundi wa redio aliyerudi kutoka Uganda, akamgeukia Narcisse na kumuuliza kwa heshima kwamba na wewe mzee, alikuwa nani kwako. Narcisse akasema ni dada yangu. Hakuongeza, na aibu ya jibu lile ndiyo iliyoiandika karatasi hii asubuhi ya leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi pumzi ya mwisho, majirani waliopika na kuchota maji, fundi cherehani aliyefunga duka siku tatu, na wenzake wa posta, wa chai, wa melini, wa hotelini na wa mitumba, ambao leo tumewaona wote mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Tumeomba, na Padri ameridhia, kwamba aliowafundisha ndio watangulie kutia udongo kabla ya ndugu wa damu, na Narcisse hatasimama na ndugu, atasimama katika mstari wao, nyuma kabisa, kwa kuwa ndiye aliyechelewa kukiri. Dada Xavérine, pumzika kwa amani. Aliyekusomea ni mwanafunzi wako.