Farasi Anayependa Matope

Basi lilipopita Jamhuri mvua ya Machi bado ilikuwa inapiga madirisha. Mbele yangu, mzee mwenye gazeti la mbio za farasi alikuwa anamshauri mama waliyekutana naye papo hapo. "Leo weka pesa kwa namba saba, mama. Huyu anapenda matope, na mvua haijakatika tangu jana."

"Lakini mzee, hizo mbio si ziko Dubai?"

Mzee alikunja gazeti polepole. Kumbe alizoea kuchagua farasi wa uwanja wa hapa Ngong Road. "Dubai pia ni ya Mungu," akasema. "Akitaka, itanyesha."

"Basi mnunulie joki anayempanda mwavuli. Mimi nabet namba mbili, ana jina tamu."

Tukasimama Racecourse, kwenye uwanja wenyewe. Mama akavua viatu, akakata mbio kwenye matope kuelekea dirisha la kubet mbio za Dubai, mzee akiteleza nyuma. Katika mbio hizo za matope, mimi ningeweka pesa yangu kwa mama.