Historia ya Daktari Solveig Tveit Sorum, Mpasuaji Bingwa wa Mifugo wa Nordby

Mchungaji Engebretsen, ndugu, majirani, wafanyakazi wa Hospitali ya Mifugo ya Nordby, na ninyi nyote mliopita barabara zenye utelezi asubuhi ya leo, Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, familia za Tveit na Sorum zinawasomea maisha ya mpendwa wao, Daktari Solveig Ardis Tveit Sorum, na anayesoma ni mdogo wake, Arvid, ambaye aliomba mtu mwingine asome badala yake, na familia ikakataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1962 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake, maili tatu kaskazini mwa kanisa hili, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Halvor na Ardis Tveit, ambao wote wamekwisha kututangulia, na kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga njia na daktari hakuweza kufika, aliyempokea duniani ni baba yake mwenyewe, ambaye alikuwa hajawahi kuzalisha kiumbe kingine zaidi ya ng'ombe, na Mama Ardis hakuchoka kuwasimulia wageni kwamba mumewe alimshika binti yao kwa miguu ya nyuma, kama ndama.

Alisoma shule ya msingi hapa Nordby kuanzia mwaka 1968 hadi 1976, kisha sekondari hadi mwaka 1980, na ni katika miaka hiyo, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alipomshona kuku aliyeraruliwa na mbwa, akitumia sindano ya mama yake na uzi mwekundu wa kutarizia, na Mama Ardis alipomfuma akamfokea, "Solveig! Uzi huo ni wa kitambaa cha Krismasi!" naye akajibu bila kuinua macho, "Kuku ana haraka kuliko Krismasi, Mama," na kuku yule akaishi, akataga miaka miwili zaidi, akitembea amejipinda kidogo upande wa kushoto.

Mwaka 1980 alijiunga na chuo kikuu cha jimbo letu mjini Madison, akaendelea hapo hapo na masomo ya udaktari wa mifugo, akahitimu tarehe 14 Mei 1988, na wengi wangeishia hapo, kwa sababu mtu akishaitwa daktari hutibu ng'ombe wa majirani na kuheshimiwa, lakini yeye alitaka upasuaji, na tena si upasuaji wa kubahatisha ndani ya zizi kwa taa ya mkononi, bali ule unaotambuliwa na bodi ya madaktari bingwa, ambao kuufikia kulimtaka mtu afanye kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, kisha miaka mitatu ya mafunzo ya ubingwa, aandike daftari la kila mnyama aliyempasua, achapishe utafiti wake, na mwisho afanye mtihani wa siku mbili ambao wengi huufanya zaidi ya mara moja.

Mwaka mmoja wa kwanza aliumaliza Kentucky mwezi Juni 1989, katika hospitali ya farasi, lakini alipoomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa alikataliwa mara tatu, miaka mitatu mfululizo, na katika usaili wa mara ya nne mzee mmoja wa jopo alimwangalia kuanzia utosini hadi viatuni, akamwambia, "Binti, mikono unayo, lakini mwili huo, farasi wa kilo mia tano utamfanya nini?" naye akasema, "Farasi akishalala kwa dawa, bwana, kilo zake ni kazi ya winchi, kazi yangu ni utumbo," na jopo lote likacheka isipokuwa mzee yule, na safari hiyo akapata nafasi.

Tarehe 12 Juni 1993, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Delbert Sorum, fundi wa kupigilia farasi viatu vya chuma, ambaye walikutana chini ya tumbo la farasi mmoja mkorofi, kila mmoja akiwa ameshika mguu mmoja wa farasi huyo, na wiki mbili baada ya harusi wakahamia Ohio kwa ajili ya mafunzo yale, ambako kwa miaka mitatu Del alikuwa akimwona mkewe akiwa macho labda siku ya Jumapili, na Baba Halvor alipokuwa akipigiwa simu alikuwa akihesabu kwa sauti, "Minne ya chuo, minne ya udaktari, mmoja wa Kentucky, mitatu ya huko, Solveig, ng'ombe wote niliokuwa nao ulipoanza wamekufa kwa uzee."

Mtihani wa bodi aliufanya mara ya kwanza mwezi Februari 1997, akiwa na mimba ya miezi saba, akashindwa, na tarehe 28 Aprili mwaka huo wakabarikiwa binti yao wa pekee, Britta, ambaye yuko nasi hapa, kisha akaufanya tena Februari 1998, akashindwa sehemu moja tu, ile ya vitendo, na kwa kuwa bodi ilimruhusu kujaribu mara moja tu iliyobaki, mwaka mzima uliofuata alilala na vitabu upande mmoja na mtoto upande mwingine, wakiwa wamekwisha kurudi kuishi hapa Nordby.

Mama Ardis alikuwa mgonjwa wa moyo majira yale ya baridi, lakini alimsukuma mwenyewe hadi kwenye gari, akamfunga skafu shingoni kama mtoto wa shule, na marehemu akapanda ndege kwenda mtihanini, na Jumatano tarehe 17 Februari 1999, saa nane mchana, siku ya kwanza ya mtihani, Mama Ardis akafariki dunia jikoni kwake, Arvid akiwa naye.

Hapa anayesoma anawaombeni radhi, kwa sababu jambo hili limo katika historia hii kwa amri ya marehemu mwenyewe, aliyesema kwamba kama halitasomwa basi kisomwe kitu kingine kabisa, nalo ni kwamba jioni ile alipiga simu kutoka hotelini, akamwuliza mdogo wake, "Mama anaendeleaje?" na Arvid, huku mama yao akiwa amekwisha kuchukuliwa na watu wa mazishi, akamjibu, "Amelala," akamwuliza tena, "Amekula?" akajibu, "Amekula kidogo," naye akasema, "Mwambie kesho nikimaliza nampigia," na kesho yake akakaa mtihanini kwa muda wa saa saba, akajibu kila swali, akarudi Ijumaa akiwa na sanduku la chokoleti kwapani, akaikuta sebule ya wazazi wake imepangwa viti.

Barua ya kufaulu ilifika tarehe 9 Aprili 1999, akaitia kwenye droo ya vijiko, wala hakumwambia mtu, hadi Baba Halvor alipoikuta alipokuwa akitafuta kijiko cha kukorogea kahawa, akaisoma akiwa amesimama, akasema, "Kwa hiyo sasa wewe ni bingwa," naye akajibu, "Ndivyo wanavyosema," na mzee akairudisha barua palepale kwenye vijiko, akatoka kwenda zizini, na watu wa nyumba ile hawakuwa watu wa kulia mbele ya wenzao.

Kwa miaka miwili dada na mdogo wake hawakuzungumza, ingawa nyumba zao zilitengana maili saba, wakikutana katika ngazi za kanisa hili mmoja akisema "Baridi leo," mwingine akijibu "Baridi kweli," basi, hadi tarehe 7 Machi 2001, ng'ombe mmoja wa Arvid alipopata msokoto wa tumbo, naye akapiga simu hospitali akiomba daktari yeyote, na aliyeshuka kwenye pikapu na mabuti yake ya mpira alikuwa Solveig, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na daktari mwingine.

Alimpasua ng'ombe yule ubavuni, mnyama akiwa amesimama, kwa ganzi, mkono wake ukiwa umezama ndani hadi begani na shavu lake limelalia manyoya, huku Arvid ameshika mkia, na katikati ya kazi ile akauliza, "Alisema nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga, Arvid. Mama. Alisema nini?"

Arvid akamweleza, kwamba mama yao alikuwa amekaa akimenya viazi, akasema kifua kinambana, na Arvid alipotaka kukimbilia simu mama akamshika mkono, akamwambia, "Sol akipiga, mwambie nimelala. Mtihani huu hana mwingine. Niahidi," naye akaahidi, na mama yao hakusema neno jingine baada ya hilo.

Marehemu akaendelea kulisukuma tumbo lile hadi likarudi mahali pake, akasema, "Ungeniambia ukweli, ningerudi usiku uleule," Arvid akajibu, "Najua. Na yeye alijua," na baada ya muda mrefu wa kushona dada yake akasema, "Shika mkia huo vizuri, unanipiga usoni," na Arvid akaona uso wake umelowa, wala haukuwa umelowa kwa sababu ya mkia.

Tangu alipofaulu alifanya kazi katika Hospitali ya Mifugo ya Nordby, akiwa mpasuaji bingwa pekee katika mwendo wa saa nne kwa gari kila upande, akipasua farasi wenye msokoto wa tumbo, ndama waliovunjika miguu, na ng'ombe walioshindwa kuzaa, na kwa kuwa bodi hutaka ubingwa uthibitishwe upya kila baada ya miaka mitano, kwa saa za masomo na ushahidi wa kazi, alisoma hadi mwisho kama mwanafunzi, karatasi zikiwa bafuni, kwenye pikapu na hapa kanisani ndani ya kitabu cha nyimbo, jambo ambalo Mchungaji alikuwa akilijua, na alimfundisha Daktari Pahoua Lor, aliyekuja kwetu akiwa mgeni wa ng'ombe na theluji, na ambaye leo ndiye mpasuaji bingwa wa hospitali yetu.

Mwezi Agosti 2021 kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilianza kukosa nguvu, akanyamaza, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, farasi akiwa amelala tumbo wazi, sindano ikamdondoka mara mbili, akaitazama, akasema, "Pahoua, shona wewe," akasimama pembeni hadi mshono wa mwisho, kisha akavua glavu, akanawa kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaandika kwa mkono wake wa kulia barua ya mistari miwili kwamba hatashika kisu tena, na mwezi Januari 2022 madaktari wakatuambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, ambao hauna tiba.

Aliendelea kuingia chumba cha upasuaji, kwanza akiwa amesimama nyuma ya Daktari Pahoua, kisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akimwambia, "Kulia kidogo, hapo, usikimbie, farasi hana pa kwenda," na sauti ilipopotea aliandika kwa macho kupitia kompyuta, na kwa kompyuta hiyo hiyo akamaliza saa zake za masomo mwaka huu, na Del alipomwuliza, "Sol, huwezi hata kushika kijiko, unasomea nini?" akaandika herufi moja baada ya nyingine, "Pahoua ataniuliza wiki ijayo. Sitaki nimjibu ya mwaka jana."

Katika siku za mwisho alikuja jirani yetu Enos Borntrager, mwenye gari la kukokotwa na farasi kama watu wake wote wa madhehebu ya Amishi, wasioendesha magari ya injini, akaketi kando ya kitanda na kofia mapajani, akamwambia, "Daktari, yule farasi jike uliyempasua utumbo ana watoto wanne, wote wanalima," na marehemu akafumba macho na kuyafumbua, ambayo kwake wakati huo ilikuwa na maana ya ndiyo.

Jumamosi iliyopita, tarehe 9 Novemba, pumzi ilipoanza kumbadilikia, Britta alikuwa Alaska anakofundisha, akiwa na tiketi ya wiki mbili mbele, na Arvid alikuwa ameshika simu bila kujua amwambie nini mtoto yule, ndipo kompyuta ikalia, na kwenye kioo yakatokea maneno yaliyomchukua dakika tisa kuyaandika, "MWAMBIE UKWELI. MWAMBIE AJE SASA," na Arvid akatoka chumbani na simu, akamwambia ukweli, na Britta akapanda ndege tatu, akaingia chumbani Jumapili asubuhi, akalala kitandani kando ya mama yake akiwa na koti lake la baridi, na baada ya muda wa saa nne, ilipotimu saa saba na dakika ishirini mchana, tarehe 10 Novemba 2024, Daktari Solveig akafariki, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mkono wake wa kushoto ukiwa katika mikono ya binti yake.

Alhamisi, Del alipokuwa akitoa barua sandukuni, akakuta moja kutoka bodi, ikisema kwamba wamepokea ushahidi wake wote, na kwamba Daktari Solveig Tveit Sorum ni mpasuaji bingwa wa mifugo hadi tarehe 31 Desemba 2029, na Del ameomba barua hiyo awe nayo yeye, na familia imekubali.

Marehemu ameacha mume, binti, mdogo wake, na nyumba yenye vitabu vingi kuliko sahani, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitatu, Daktari Pahoua Lor na wenzake waliofunga hospitali leo kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, majirani waliokamua ng'ombe wa Arvid wiki nzima bila kuombwa, na akina mama wa kanisa waliotuandalia kahawa na mikate ya nyama ukumbini chini ya kanisa, ambako wote mnakaribishwa.

Dada, mdogo wako amemaliza kusoma. Lala salama, Sol.