Maduara Katika Shayiri ya Walter Dods

Ndugu, jamaa na majirani, tunasimama hapa tukiwa bado tumepigwa na butwaa, maana Walter Dods, tuliyepanga kwenda naye kwenye maonyesho ya wakulima Jumamosi iliyopita, ndiye huyu tunayemzika leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 katika shamba la Blackrig, karibu na Haddington, Uskoti, akasoma shule ya kijiji mpaka alipotimiza miaka kumi na mitano, kisha akapanda trekta la baba yake na hakushuka tena. Tarehe 7 Juni 1969 alifunga ndoa na Marion Purves, wakajaliwa Adam, na mwaka 1976 Elspeth, ambaye ndiye aliyerithi mapenzi ya udongo.

Mwaka 1995 alimkabidhi Elspeth shamba la mtoni alilime mwenyewe, na kiangazi kile kikali shayiri ilipogeuka njano, maduara mawili ya kijani kibichi yakajitokeza katikati, moja ndani ya jingine, na marehemu, ambaye wote mnajua ulimi wake, alimwambia kwenye maonyesho mbele yenu, "Umezunguka na mbolea kama mlevi." Mlicheka, mkamwita Bi Mizunguko, naye akahamia Kelso kufanya kazi ya duka, na kila Krismasi baba na binti waliongea habari za mvua tu.

Shamba lile likaachwa liwe malisho ya kondoo hadi mwaka huu, 2018, marehemu alipolipanda shayiri kwa mkono wake, jua likawaka, na maduara yakatokea palepale.

Jumanne tarehe 10 Julai mama mmoja mtaalamu wa mambo ya kale, aliyepita juu kwa ndege, alimletea picha ya maduara yale, akamweleza kwamba hapo palikuwa na kijiji cha watu wa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kilichozungushiwa mitaro, na mitaro ile iliyofukiwa bado inashika maji, ndiyo maana shayiri ya juu yake hukawia kukauka. Marehemu akasema, "Kumbe mtoto hakukosea." Marion akamsihi ampigie Elspeth simu saa ileile, akakataa.

"Nilimwaibisha mbele ya watu, mke wangu, nitamsafisha mbele ya watu. Jumamosi, kwenye maonyesho."

Alhamisi asubuhi moyo, ambao kwa ubishi wake hakuwahi kuupeleka kwa daktari, ulisimama akiwa langoni mwa shamba.

Familia inawashukuru wahudumu wa gari la wagonjwa, daktari aliyekuja mbio, majirani mliovuna shayiri yake bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake Elspeth waliomleta kutoka Kelso.

Elspeth mwanangu, mama yako ameniagiza mimi, rafiki wa baba yako, nilisome hili hapa, mbele ya walewale waliokucheka, nawe hujalisikia mpaka dakika hii: baba yako amesema hukukosea.

Walter, tumekusemea. Pumzika sasa.